Miaka Saba Kambini

Kwa miaka saba niliamini, bila tone la mashaka, kwamba timu ya mpira ya mji wetu wa Musoma iko kambini katika kisiwa kimoja cha ziwa, inafundishwa na Mzungu mwenye mguu wa chuma. Wachezaji wanafanya mazoezi ndani ya maji yanayofika kiunoni. Mpira umejazwa mchanga. Na mabeki wa kufanyia mazoezi ni viboko. Sisemi watu wanene waliofanana na viboko, nasema viboko wenyewe. Ukishaweza kumpiga chenga kiboko majini, tuliambiana, siku utakayowekwa juu ya nyasi hakuna mtu wa Mwanza wala wa Dar es Salaam atakayegusa hata kivuli chako. Chakula chao kilikuwa vichwa vya sangara, asubuhi na jioni, kwa ajili ya macho.

Naomba ieleweke kwamba nilikuwa mtu mzima. Nilikuwa na ndevu, nalipa kodi ya chumba, na jioni nasoma elimu ya watu wazima, ambako tayari tulishafika kwenye mzunguko wa damu. Cheti ninacho mpaka leo, nimekitia kwenye plastiki ngumu, hata mvua ya mawe haikiwezi. Mtu aliyekuwa anajua damu inavyozunguka aliamini habari za viboko.

Niliamini kwa sababu kaka yangu alikuwa kwenye kikosi hicho. Winga wa kushoto, jezi namba kumi na moja. Na kwetu mdogo haoi kabla ya mkubwa. Ng'ombe walioingia kwa ndoa ya dada yetu walikuwa zizini kwa baba, na walikuwa wa kaka kwanza. Aoe yeye, ndipo zamu ifike kwangu. Kwa hiyo winga wa kushoto akikaa kambini, na mimi nimekaa.

Timu yenyewe ilianzishwa na mafundi wa karakana moja kubwa ya magari ya umma pale mjini. Jezi za kwanza zilikuwa ovaroli zilizokatwa mikono na miguu, na ndiyo maana rangi yetu ikawa bluu ya ovaroli, rangi inayotunza grisi. Wanasema katika mechi ya kwanza refa aliteleza mara tisa kwa grisi iliyodondoka kwa wachezaji. Sikuwepo, lakini nimeisimulia sana, na kila mara refa anateleza zaidi.

Mambo yaliponoga, karakana ikaanza kutafuta wachezaji Tabora, Kigoma na Shinyanga, na kila anayekuja anaandikwa kazi. Kipa wetu aliandikwa fundi wa breki, na sidhani kama aliwahi kujua breki iko upande gani wa gari. Kaka yangu, mmoja wa wenyeji wachache kikosini, aliandikwa fundi wa matairi. Mimi nilipata kazi kupitia kwake, nikaandikwa msafishaji, lakini kazi yangu hasa ilikuwa kufua jezi. Seti mbili: ya mechi na ya akiba.

Nilizifua ziwani miaka yote ile ya dhiki, sabuni ilipokuwa kitu cha kupangia foleni tangu alfajiri, na foleni ikifika dirishani unaambiwa imekwisha. Nilifua kwa majani ya mpapai na maji ya majivu. Bluu ikawa kijivu, kijivu ikawa rangi isiyo na jina. Wapinzani walidhani tumebadilisha rangi kwa ajili ya uchawi, wakaogopa. Tulishinda mechi tatu kwa ukosefu wa sabuni.

Siku kubwa kuliko zote ni ile tuliyowafunga vigogo kutoka Dar es Salaam, bao moja, kapiga kaka. Nimewaambia watu kwamba mpira ule ulichana wavu, ukavuka barabara, ukaua kuku wawili wa mama mmoja, na kuku wakalipwa na karakana. Nimesema hivyo mara nyingi mpaka bao lenyewe limenitoka. Najaribu kuliona, naona kuku tu.

Sasa, jambo la kambi. Kabla ya mechi kubwa timu ilikuwa inapotea mjini. Inapakiwa kwenye lori la karakana, inakwenda kujificha mahali, siku kumi, wiki mbili, ili wapelelezi wa upande wa pili wasijue nani anaumwa goti na nani amepangwa wapi. Mahali hapo walipajua watu wawili tu waliobaki nje ya kambi, meneja na dereva. Wake wa wachezaji hawakuambiwa. Mimi niliyeshika jezi zao mikononi sikuambiwa, nilikuwa naletewa gunia la jezi chafu na kurudisha gunia la jezi safi. Aliyejua kila kitu alikuwa mama mmoja mpishi, maana alikaa nao humo humo, na ilikuwa mwiko kumuuliza mpishi.

Mji mzima ulishiriki katika ulinzi huo. Mgeni akiuliza kambi iko wapi, unamdanganya. Timu ikiwa Butiama, unasema Ukerewe. Ikiwa Bunda, unasema Tarime. Mwenzako naye akikuuliza, unamdanganya vilevile, na yeye anafurahi, anajua wewe ni mtu wa kuaminika. Anayetaja mahali pa kweli ndiye msaliti. Na uongo mkubwa kupita wote, tuliouweka kwa mechi nzito tu, ulikuwa huu: unasimama, unakunja uso kama mfiwa, unasema, "Timu imekufa, ndugu yangu. Imevunjwa." Halafu unakonyeza. Tulikuwa tunausema vizuri sana. Wazee wengine walikuwa wanatoa machozi.

Basi wakaenda Mwanza kwa lori, mechi ya mwisho ya msimu. Tuliisikiliza redioni pale karakana, tukafungwa mbili. Jumatatu tulikaa getini na ngoma kuwapokea, maana kufungwa siyo kufa. Lori halikuja. Jumanne halikuja. Jumatano yakabandikwa matangazo ukutani kwamba karakana itauzwa kwa mtu binafsi na wafanyakazi watapunguzwa, na sote tukajaa pale ukutani kutafuta majina yetu. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Mtu mmoja nyuma yangu akasema wachezaji wamepitishwa kambini moja kwa moja kujiandaa na msimu ujao. Kufika Ijumaa kambi ilikuwa kisiwani. Jumapili akaongezeka Mzungu. Mguu wa chuma, nakiri, nadhani niliuongeza mimi.

Miezi michache baadaye, masika yakiwa yanaishia, alikuja nyumbani kwetu beki mmoja wa timu hiyo hiyo. Tulimwona yuko nje ya kambi, tukajua ameachwa kikosini. Alikuwa ameanza kuuza mitumba Manyamanyama, pale Bunda, na alivaa shati la vifungo lenye maandishi ya timu ya Amerika, timu ya ule mchezo wao wa kupiga mpira kwa rungu. Baba, mama na mimi tulikuwa uani. Alivua kofia, akakataa kiti.

"Baba, nina mambo mawili ya kuwaambia," akasema. "La kwanza, timu imekufa. Imevunjwa."

Mungu atusamehe, tulicheka. Baba, ambaye hacheki, alicheka mpaka akashika nguzo. Yaani sura ya beki yule! Hatujawahi kuona mtu aliyekunja uso vizuri vile. Nikampigia makofi.

"Safi sana," nikamwambia. "Umeachwa kikosini, lakini bado unailinda kambi. Wewe ni mwanaume."

"Mdogo wangu, sitanii."

"Ndiyo hivyo hivyo! Usitanie!"

Mama akaleta chai, yenye maziwa. Beki aliinywa yote bila kuinua macho. Akavaa kofia, akatushika mikono mmoja mmoja, mama akamshika kwa mikono miwili, akaondoka. Jambo la pili hatukumuuliza. Baadaye nikasikia amehamishia biashara mpakani.

Miaka ya ruksa, ya biashara huria, ikakolea. Sabuni ikajaa madukani, za bluu, za kijani, za kunukia kama bibi harusi. Karakana ikapata mwenye nayo, akaweka geti jipya, mimi nikatafuta riziki ya kubeba barafu kwa wanunuzi wa sangara. Seti ya akiba nilibaki nayo chumbani, na kila mwisho wa mwezi nilikuwa naifua. Jezi kumi na nane ambazo hakuna aliyezivaa. Nazitoa kabatini, nazifua kwa sabuni nzuri, naanika, nakunja, narudisha. Nilikuwa sihisi chochote nikizifua. Mikono inakwenda tu. Jirani akiniuliza vipi timu, namwambia imekufa, nakonyeza, naye anakonyeza.

Uwanjani watu wakaanza kulisha mbuzi. Nilipita pale kila siku na barafu kichwani, maji yananichuruzika shingoni, na sikuona kitu cha ajabu. Nyasi za uwanja lazima zikatwe na mtu au na mbuzi.

Nilikuwa na mchumba huko Kabasa, upande wa Bunda, fundi cherehani, mwanamke mwenye mdomo unaokata kuliko mkasi wake. Alinisubiri. Kila nikienda Bunda ananiuliza swali lile lile, na mwaka wa saba akaliuliza amesimama.

"Kaka yako ni mwanajeshi au ni mchezaji?"

"Mchezaji."

"Mechi gani hiyo inayofanyiwaga mazoezi miaka saba? Hata vita na Uganda iliisha."

"Usiseme kwa sauti."

"Nani atasikia? Huo mto wa sindano?" Akakata uzi kwa meno. "Nimeshonea watu magauni ya harusi mpaka vidole vimekuwa na sugu. Ndoa zingine zimeshavunjika, na gauni bado zima. Nakupa mpaka Pasaka. Kama ng'ombe hawajatoka kwenu, ananioa mtu mwingine, na hilo nalo ukalifiche kisiwani."

Nilirudi Musoma nikamweleza baba. Baba alikuwa anatengeneza mpini wa jembe, hakuacha.

"Mkubwa kwanza," akasema.

"Baba, ni miaka saba."

"Akirudi akakukuta na mke, na ng'ombe wake wameliwa, nitamwangaliaje?"

"Na asiporudi?"

Baba aliweka jembe chini. Jumapili zote, kanisani, alikuwa anawaombea walio safarini, wagonjwa, na walio kambini. Padri alishazoea, akadhani ni wanajeshi. "Nani kakwambia harudi?" akaniuliza. Akaokota jembe.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu wa jioni akatupa kazi: kila mmoja aandike historia ya kitu chochote cha mji wake. Wengine waliandika soko, wengine kanisa. Mimi niliandika timu, kurasa kumi na nne, nikakopa kalamu ya jirani nilipomaliza yangu. Ovaroli, grisi, majani ya mpapai, kuku wawili. Nikamalizia na kisiwa, Mzungu na viboko, bila kutaja jina la kisiwa, maana siri ni siri hata kwenye mtihani.

Aliporudisha madaftari, kurasa zangu kumi na tatu zilikuwa na vema kila aya. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa na mstari mmoja wa wino mwekundu kutoka juu mpaka chini, na chini yake maneno matatu: "Nani aliona haya?"

Nilimfuata. Nikamkonyeza. Alikuwa mtu wa kuja, kutoka Iringa, hakujua maana yake.

"Una tatizo la jicho?" akaniuliza.

"Hapana, mwalimu."

"Basi nenda kamtafute mtu aliyekuwa nao. Aliyewaona kwa macho. Andika alichosema, hata kama ni mstari mmoja. Hiyo ndiyo historia. Hii nyingine ni tamu, lakini siyo historia."

Nilimwambia mchumba wangu, nikitegemea acheke. Hakucheka.

"Si yule mama aliyekuwa anawapikia?" akasema. "Yuko Buhemba, anapikia wachimbaji wa dhahabu. Nimemshonea gauni Krismasi hii. Hukujua?"

Sikujua. Sikuwahi kumtafuta, kwa sababu mpishi haulizwi. Miaka saba, na alikuwa safari ya nusu siku.

Nilifunga jezi za akiba kwenye furushi, ili ajue mimi ni wa ndani, nikapanda gari la kwenda Butiama, na kutoka pale lori la mbao mpaka machimboni. Njiani niliandaa maneno. Nilitaka kumwambia kwamba sihitaji jina la kisiwa, wala simuulizi kuhusu Mzungu. Kaka atume neno moja tu kwa baba, kwamba mdogo aoe, yeye hana kinyongo. Mechi yoyote ile, mtu anaweza kutuma neno moja.

Nilimkuta kwenye kibanda cha mabati, masufuria matatu motoni, amenenepa kidogo, joto la moto limemkausha paji la uso. Alinitambua kwa furushi kabla ya sura.

"Mfua jezi!" akasema. "Karibu, mwanangu. Kaa. Umekula?"

Akanipakulia ugali na dagaa. Wachimbaji wawili walikuwa wanakula pembeni, wameloa tope jekundu mpaka kope. Nikasubiri waondoke. Walipoondoka nilifungua furushi, nikamwonyesha jezi zilivyo safi, zilivyokunjwa. Alizipitisha mkono moja moja mpaka akafika namba kumi na moja. Hapo mkono ukasimama.

"Mama," nikasema, nikamkonyeza, "mimi ni mtu wa ndani. Najua haulizwi mtu. Ila baba hatoi ng'ombe mpaka mkubwa arudi, na mchumba wangu kaniwekea mwisho Pasaka. Nataka neno moja tu kutoka kambini."

"Kambi gani?"

Nikacheka. "Hapo hapo! Umejibu vizuri."

"Mwanangu, acha kunikonyeza."

Niliacha. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, magoti yetu yakakaribia kugusana, akaifuta mikono kwenye kanga ingawa ilikuwa mikavu. Nje mtu alikuwa anaponda mawe kwa nyundo, pigo moja, kimya, pigo moja. Niliendelea kutafuna. Nakumbuka dagaa walikuwa na chumvi ya kutosha.

"Hukuambiwa?" akaniuliza. "Nilimtuma yule beki aje kwenu. Mazishi yalipokwisha tu, nilimtuma. Akaniambia amefika, mmempokea vizuri, mmempa chai."

"Alikuja," nikasema. "Alikuwa na mambo mawili."

"Akawaambia?"

"Alisema la kwanza."

Kisha akasema polepole, kama anayemsomea barua mtu asiyejua kusoma:

"Kambi haipo. Haijawahi kuwepo tangu Mwanza. Tulipokuwa tunarudi, gari liliishiwa mafuta Bunda, meneja akasema karakana inauzwa, kila mtu ashike njia yake. Kaka yako alisema hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu, akapanda na mimi mpaka hapa. Aliingia shimoni miezi miwili. Masika yakalibomoa, akiwa chini na wenzake wawili. Nilimvalisha jezi yake, tukamzika pale juu kwenye mawe, nitakupeleka ukimaliza kula. Kwenu mkubwa ni wewe, mwanangu. Umekuwa wewe tangu masika yale."